Punguza cheti, usipunguze dozi

"Dokta, nikatie za buku." Simama kwenye kaunta ya duka la dawa jioni yoyote, utalisikia. Muuzaji anachukua mkasi, anakata karatasi ya vidonge: vinne kwa mteja, sita vinarudi kwenye boksi. Kipande chenye tarehe ya kuisha muda mara nyingi ndicho kinachobaki dukani. Mteja anaondoka na dawa isiyo na jina wala tarehe, na haitoshi hata siku mbili.

Anayeomba kukatiwa hivyo si mjinga. Ana elfu tatu, cheti cha daktari kinadai elfu kumi na mbili, na nyumbani unga umeisha. Lakini hiyo elfu tatu ingefanya kazi kubwa zaidi kama angekata kwingine.

Anza kwa kukisoma cheti. Yale maandishi ya daktari yana mpangilio. "1x3" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Wengine huandika "tds". "5/7" si sehemu ya hesabu, ni siku tano. "2/52" ni wiki mbili, "1/12" ni mwezi. Kwa hiyo amoksilini 500 mg, 1x3, 5/7, ni vidonge 15. Ukipewa 10 na bahasha imeandikwa 1x3, jua dozi imekatwa, na uliza.

Kisha muulize mtoa dawa: "Kati ya hizi, ipi inatibu ugonjwa na ipi inapunguza usumbufu tu?" Tuseme mtu mzima ana maambukizi ya kifua. Cheti kina amoksilini, paracetamol, dawa ya kikohozi ya maji, vitamini B na kidonge cha mafua. Kinachotibu ni amoksilini. Paracetamol ni ya bei ndogo na inashusha homa, ichukue. Ile chupa ya kikohozi, vitamini na kidonge cha mafua vinaweza kusubiri, au visinunuliwe kabisa. Watu wengi hufanya kinyume: wananunua kidogo kidogo cha kila kitu, wanatoka na chupa nzima ya kikohozi na nusu ya antibaiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria kama hiyo amoksilini.

Uliza pia kama kuna ya kampuni nyingine yenye bei nafuu. Chini ya jina kubwa la boksi kuna jina la dawa yenyewe kwa herufi ndogo. Jina hilo na miligramu vikilingana, na dawa ikiwa imesajiliwa, hujapunjwa kwa kuchukua ya bei ndogo.

Na kama hata dozi moja kamili haifikiki? Kuchukua kwa awamu kunakubalika, kukatisha ndiko kubaya. Nunua ya siku mbili, mwambie muuzaji aandike nyuma ya cheti idadi uliyochukua, aache jina na tarehe kwenye kipande chako, kisha rudi kabla ya kidonge cha mwisho. Hapa ndipo wengi huteleza: siku ya pili homa imeshuka, hela inapata shughuli nyingine. Vijidudu dhaifu ndivyo vinavyokufa mwanzo; vinavyobaki vinaweza kuwa sugu, na vikirudi huenda ukahitaji dawa ya bei kubwa zaidi.

Mseto wa malaria (ALu, vidonge vya 20/120 mg) nao unaharibiwa vivyo hivyo, hasa pale dozi moja inapogawiwa watoto wawili. Idadi inafuata uzito: kilo 5 hadi chini ya 15 ni kidonge kimoja kila mara, 15 hadi chini ya 25 viwili, 25 hadi chini ya 35 vitatu, 35 na kuendelea vinne. Kwa mtu mzima jumla ni 24. Mara ya pili ni yakipita masaa 8 tangu mara ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi siku tatu ziishe. Meza pamoja na chakula chenye mafuta, au maziwa, la sivyo sehemu ya dawa haifyonzwi. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia. Na usinunue kabla ya kupima. Kwenye vituo vya serikali Tanzania kipimo cha haraka na mseto havitozwi, hivyo anayenunua kwa kubahatisha analipia kitu ambacho angekipata bure, pengine kwa ugonjwa asio nao.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kina hadithi hiyohiyo. Watu hupitia antibaiotiki tatu za kukata, wakati kipimo cha TB (kifua kikuu) na matibabu yake ya miezi sita ni bure. Nenda ukapime makohozi, na ukianza dawa, maliza.

Mtoto anayeharisha anahitaji ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), pamoja na zinki ya siku 10 hadi 14, na kwa kawaida hahitaji antibaiotiki, isipokuwa kinyesi kina damu. Hapo apelekwe kituoni. Soma pakiti ya ORS: ikisema lita moja, ni lita moja, si chupa ya soda. Ikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Chumvi ikizidi inadhuru. Baada ya saa 24 mwaga, tengeneza nyingine. Mtoto aliyelegea, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au mwenye degedege, usianze kupiga hesabu. Mpeleke.

Wenye presha na kisukari wanabana matumizi kimyakimya. Kidonge cha kila siku kinamezwa siku moja moja, au siku kichwa kikiuma. Dawa kama atenolol na propranolol ukiziacha ghafla presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa. Rudi kliniki useme waziwazi, "Hizi siziwezi," ubadilishiwe. Aibu ya dakika mbili. Insulini ndiyo isiyo na mjadala: anayeitegemea akiipunguza anaanza kutapika, tumbo linauma, anahema kwa kasi, na jirani atasema ni malaria. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Wodini mambo ni mazito zaidi. Ukiona bili itakushinda, usisubiri siku ya kuruhusiwa. Siku ya kwanza au ya pili nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ukiwa na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Eleza unaingiza nini, una wategemezi wangapi. Omba msamaha, au kulipa kwa awamu, na omba mchanganuo wa bili uone kila kitu kilichoandikwa. Kwa sera ya Tanzania, wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha kwenye vituo vya umma. Ukiambiwa dawa imeisha, ukanunue nje, uliza kwanza kama kuna mbadala uliopo palepale.

Mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, uwe wa mwisho kabisa. Marejesho yanaanza kudaiwa mgonjwa angali kitandani. Ikibidi kuuza, uza kabati au televisheni. Cherehani, jembe la ng'ombe na bodaboda ndivyo vitakavyolipa awamu.

Wapo wanaotoroka wodini usiku. Wanaondoka na kanula (kile kimpira cha dripu) mkononi, na hiyo ikikaa siku kadhaa mshipa unaweza kuvimba na kupata maambukizi. Wanaacha pia majibu yote ya vipimo, kwa hiyo hospitali inayofuata inaanza upya: damu, picha, kila kitu, kwa bei ileile. Kama umeamua kuondoka kabla ya kupona, omba fomu ya kukataa matibabu, usaini, kanula itolewe, na usitoke mlangoni bila muhtasari wa matibabu wenye jina la ugonjwa na dawa ulizokwisha kupewa.