Msinunue mashine ya nukta nundu kabla ya kuwa na maandishi

Usitie saini hiyo hati ya manunuzi. Umeandika kwamba chuo chenu kinapokea wanafunzi wanne wasioona Oktoba, na karibu bajeti nzima inaenda kwenye mashine ya kuchapa nukta nundu (Braille), maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Sisi tulilipa kwa mtindo huo huo, na hela haikurudi.

Mashine ile haisomi kitabu. Inachapa maandishi ya kompyuta yaliyokwisha kusafishwa, basi. Muuzaji aliyetuambia ukiingiza kitabu kinatoka nukta nundu alijua anadanganya, na walioumia ni wanafunzi waliofika wiki ya kumi hawana hata sura moja ya kusoma.

Kitabu kilichopigwa skani ni picha. NVDA au JAWS, programu zinazomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye kompyuta, ikifika hapo haikuti maneno ya kusoma. Fungua PDF, chagua ukurasa wote, nakili, bandika kwenye Notepad: kisipotoka kitu, hamna maandishi. Skani iwe dpi 300 (nukta kwa inchi), au 400 kwa herufi ndogo, ukurasa mmoja mmoja, kivuli cha mgongo wa kitabu kisiingie. Kisha pitisheni kwenye programu ya kutambua herufi na kuichagulia lugha sahihi; Tesseract ni ya bure na inajua Kiswahili.

Baada ya hapo lazima mtu akae asahihishe, na hapa ndipo pesa inapotakiwa. Namba za kurasa hujipenyeza katikati ya sentensi, safu mbili husomwa kama moja, majedwali huvurugika, alama ya ng' hupotea. Vichwa vya sura viwekewe mtindo wa kichwa (Heading) kwenye Word, ili mwanafunzi wa NVDA, akishawasha hali ya kuvinjari, aruke kwa kubonyeza H. La sivyo atasikiliza kurasa 40 akitafuta aya moja. Sahihisheni kurasa 10, pimeni muda, zidisheni. Mtajua ni watu wangapi wa kuwalipa. Wa kujitolea hutoweka mitihani ikikaribia.

Karatasi nayo ihesabuni. Ukurasa wa nukta nundu wenye mistari 25 ya seli 40 (seli ni nafasi ya herufi moja) unabeba seli 1,000. Ukurasa wa kawaida wenye herufi 2,500 unakula kurasa mbili na nusu, kwa hiyo kitabu cha kurasa 300 kinafika 750, tena kwenye karatasi nene ya gramu 150 hivi. Ile ya gramu 80 nukta zake hulala. Chapeni tu yanayohitaji vidole: hisabati, michoro, mitihani.

Orodha ya vitabu itoke kwa wahadhiri wiki 8 kabla ya muhula, yenye sura na kurasa, si majina matupu. Ombeni notsi zao za Word, na mchapishaji mwombeni faili. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu kunakiliwa kwa mfumo ambao wasioona wanaweza kuusoma, na ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, uliwekwa kwa ajili ya wasomaji hawa hawa. Mhadhiri akikaa kimya, barua iende kwa mkuu wa idara siku hiyo hiyo, nakala kwa mkuu wa taaluma.