Coltrane alicheza saksafoni, au aliipiga?

SWALI: Naandika makala kuhusu wanamuziki wa jazi wa Marekani. Niliandika "John Coltrane alicheza saksafoni katika Kind of Blue", albamu ya Miles Davis ya mwaka 1959. Mhariri amefuta "alicheza" akaweka "alipiga". Lakini saksafoni haipigwi, inapulizwa! Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhariri wako. Kwenye muziki, kucheza ni kazi ya miguu na kiuno. Ukiniambia Coltrane alicheza saksafoni, namwona ameikumbatia, anazunguka nayo ukumbini.

Tena katika makala kama yako tofauti hiyo utaihitaji. Mwaka 1934 Ella Fitzgerald, binti wa miaka 17, alipanda jukwaa la ukumbi wa Apollo kule Harlem, New York, kwenye shindano la chipukizi. Alikuwa amekusudia kucheza. Dakika za mwisho akaghairi, akaimba, akashinda. Sasa kama huko juu umeshasema Coltrane "alicheza", msomaji atajuaje kwamba Ella hakukusudia kupiga ala? Louis Armstrong naye alipiga tarumbeta, akaimba, na akacheza katika filamu. Hapo "akacheza" ni halali kabisa.

Hoja yako ya kupuliza ina uzito kidogo tu. Kupiga kwetu hakuhitaji fimbo wala ngumi: twapiga simu, picha, pasi, chafya. Twapiga mluzi, na mluzi ni pumzi tupu. Kupuliza si kosa, ila mimi hulihifadhi kwa mahali ambapo pumzi au midomo ndiyo habari yenyewe: Armstrong alipuliza tarumbeta mpaka midomo ikapasuka. Wapenzi wa dansi, ambao saksafoni huiita mdomo wa bata, hawakosi vitenzi: gitaa hulicharaza, kinanda hukipapasa. Bill Evans, mpiga piano wa sehemu kubwa ya Kind of Blue, kupapasa kunamfaa. Thelonious Monk, aliyegonga piano kwa vidole vilivyonyooka kama vijiti, hakupapasa kitu.

Angalia pia kinachofuata kitenzi. "Coltrane alimpiga Davis" ni ugomvi. "Alipigia bendi ya Davis" ni ajira.

Nimeona pia katika makala yako umetaja "albamu za Armstrong za 1925 hadi 1928". Hapo mhariri amepitiwa: hazikuwa albamu. Rekodi zile za bendi zake, Hot Five na Hot Seven, nyingi zikirekodiwa Chicago, zilitoka katika sahani za mizunguko 78 kwa dakika: wimbo mmoja upande huu, mmoja upande wa pili, kila mmoja kama dakika tatu hivi. Sahani ndefu ya kubeba nyimbo kadhaa kila upande, ile ya mizunguko 33 na theluthi, kampuni ya rekodi ya Columbia iliileta 1948. Kwa hiyo andika "santuri za Armstrong". Na usishangae ukikuta maandishi ya zamani yakisema "sahani ya santuri": kwa wazee, santuri ilikuwa ile mashine yenyewe ya kupigia. Baadaye jina likahamia kwenye sahani.