Mwizi wa kalamu haendi likizo

Kibaka wa soko la Majengo, hapa Dodoma, anajua kuwa ni kibaka. Mweka hazina wa SACCOS, chama cha akiba na mikopo, anayechota marejesho ya wanachama, ukimuuliza, atakwambia alikuwa anakopa. Ndiyo maana ule ushauri wa "tafuteni mtu mwaminifu" hausaidii sana: anayekabidhiwa funguo za kasiki ni huyohuyo mwaminifu.

Uhalifu huu ulipewa jina la kola nyeupe mwaka 1939 na Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, akimaanisha makosa ya watu wenye heshima zao wakiwa kazini. Mwanafunzi wake, Donald Cressey, aliwahoji wafungwa waliokula fedha walizoaminiwa, akachapisha matokeo mwaka 1953. Alikuta mambo matatu yakikutana: shida ambayo mtu anaona haya kuisema, nafasi ya kuitatua kimyakimya, na maneno ya kujituliza nafsi. Hayo maneno hutangulia wizi. Mtu hujipa ruhusa moyoni kwanza, mkono hufuata.

Sisi maneno hayo tunayo tele. "Nitarudisha mwisho wa mwezi." "Kwa mshahara gani?" "Hela ya Serikali haina mwenyewe." Na lile la kila ofisi: mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mshika fedha akilisema mara moja kwa utani, cheka naye. Akilirudia kila wiki, na huku anadaiwa mkopo wa riba kali, ule wa kausha damu, au mikeka ya kubashiri mpira inamchanikia kila Jumapili, anza kuangalia vitabu.

Shida yake unaweza kuipunguza. Wekeni utaratibu wa mtumishi kukopa waziwazi, tuseme mshahara wa mwezi mmoja, wajumbe wawili wasaini, jibu litoke ndani ya siku mbili. Keshia anayejua kuna mlango wa kupiga hodi hana haja ya dirisha. Hauwazuii wote, wapo wapigaji wasio na shida yoyote, wenye vyeo na ubabe, wanaomfokea mhasibu mbele ya watu ili asiulize. Hao dawa yao ni kamba fupi tu.

Wizi unaotafuna vyama vingi hufanyika hivi. Mwanachama wa kwanza analeta marejesho ya 300,000. Keshia anaandika stakabadhi, fedha anaweka mfukoni. Kesho yake wa pili analeta 300,000; zinaandikwa kwenye akaunti ya yule wa kwanza. Za wa tatu zinaziba za wa pili. Kila mtu anaonekana amelipa, ila kwa kuchelewa siku moja au mbili, na shimo linahama tu. Tatizo la mchezo huu ni kwamba unamtaka mchezaji awepo kila siku. Akikosa siku tatu, mwanachama mmoja atakuja na stakabadhi ambayo daftari haliijui.

Kwa hiyo yule mnayemsifia kwenye mkutano mkuu kuwa hajawahi kuchukua likizo, anafungua ofisi mwenyewe na kulala na funguo, ndiye wa kupumzishwa kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa siku 28 mfululizo. Mlazimishe achukue angalau siku 10 za kazi bila kukatiza, akabidhi kwa maandishi, na nywila yake ifungwe. Kosa la kawaida ni kumruhusu "apitepite kidogo" kusaidia. Hapo likizo imeharibika.

Kagueni lini? Wengi hukagua baada ya mavuno ya alizeti au zabibu, kwa kuwa ndipo fedha zipo. Ni kinyume. Msimu ukiwa umenoga, marejesho yanaingia kwa wingi na shimo linazibika saa hiyohiyo. Nendeni Januari, ada za shule zimekomba mifuko ya watu na hakuna anayelipa. Mchezo wa kuziba hauna maji ya kunywa.

Siku hiyo msianze na makaratasi aliyoyaandaa yeye. Chukueni taarifa ya akaunti moja kwa moja benki. Chagueni wanachama 20, wengi wao wawe wasioonekana mara kwa mara, wazee na waliohama, kwa sababu akaunti iliyolala ndiyo huibiwa kwanza. Wapigieni, mlinganishe vitabu vyao na daftari. Kisha tazameni malipo yanayogusa mpaka wa idhini: kama mwenyekiti husaini kuanzia 1,000,000, kwa nini kuna malipo matatu ya 980,000 kwa fundi mmoja, wiki moja? Na mkikuta hundi zilizosainiwa tupu, mkosaji wa kwanza ni aliyesaini.

Kamba ndefu haihitaji chama cha kijijini. Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827, na kiini chake ni kwamba Nick Leeson, kule Singapore, alifanya biashara na pia alisimamia ofisi iliyohakiki biashara hizohizo. Kwenu anayepokea fedha asiwe anayeandika daftari, na anayeandika asiwe anayelinganisha na benki. Watu watatu. Mkiwa wawili tu, mjumbe wa kamati ya usimamizi aje kila Ijumaa.

Mkigundua, msimkabili siku hiyo. Nakilini vitabu, badilisheni watia saini benki, fungeni nywila, ndipo mumwite mbele ya watu wawili na muandike anachosema. Taarifa ipelekeni kwa Mrajisi wa vyama vya ushirika na kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, simu 113, ni bure. COASCO wanaokagua vyama vya ushirika makao yao yako hapahapa Dodoma.

Mara nyingi atalia, ataomba hadi Jumatatu, na Jumatatu ataleta fedha zote. Pokeeni kwa stakabadhi. Halafu ulizeni ni mfuko gani mwingine anaushika, wa kanisa, wa msikiti au wa mazishi mtaani, na muwaombe wahusika wake wauhesabu siku hiyohiyo.