Meseji za mwanangu hazinifikii

SWALI: Nilihamisha laini kutoka iPhone iliyopasuka kioo kwenda Samsung. Meseji za wengine zinaingia, za mwanangu aliye Arusha hapana, na kwake zinaonyesha zimekwenda.
Mama mkulima wa zabibu, Hombolo

JIBU: Shikamoo mama. Mwanao hana kosa, na laini yako ni nzima. Bila shaka naye anatumia iPhone: namba yako imebaki kwenye iMessage, huduma ya Apple inayopitisha meseji kwenye intaneti. Rudisha laini kwenye iPhone, ingia mipangilio, uzime iMessage. Kioo kikigoma, mwanao aiondoe namba kupitia tovuti ya Apple. Utatumiwa tarakimu 6, umsomee. Mwingine akikupigia kuziomba, tafadhali mama, usimpe.