Kabla ya sigara ya mwisho, tafuta watu wako

Ndugu, nimekuelewa: unataka kuacha sigara, unavuta pakiti nzima kwa siku, umeshaacha mara mbili ukarudi, na kijiweni kila mtu anavuta. Nami nilikuwa hukohuko, miaka 11 ya fegi nikiendesha boda.

Mara zote mbili uliacha kimyakimya, na nadhani hapo ndipo ulipokwama. Panga tarehe, tuseme wiki mbili kutoka leo, si kesho kwa hasira. Kisha mwambie mkeo na rafiki mmoja wa kijiweni. Mimi nilimwambia hata mangi wa dukani: "Nikija kuomba moja, niuzie karanga." Siku ya tatu nikaenda kweli. Akaniwekea karanga mkononi bila kusema neno. Nilinuna, lakini nilizitafuna.

Siku za mwanzo ndizo ngumu: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, kichwa kizito. Waambie nyumbani mapema wasije wakadhani umewachoka. Arosto, yaani ile hamu kali ya kuvuta, ikija, mara nyingi hupita ndani ya dakika chache. Mpigie yule rafiki, kunywa maji, tembea. Kahawa ya jioni kijiweni iache kwanza (mimi ndiyo iliyoniangusha). Na usihamie ugoro wala shisha, nikotini ni ileile.

Kama una presha, tatizo la moyo au dawa za kila siku, muone daktari kabla ya tarehe, umuulize pia kuhusu bigijii na plasta za nikotini za kusaidia kuacha. Ukikohoa damu, usisubiri tarehe yoyote, nenda leo.