Jibu: Hesabu za GnuCash kwenye kompyuta ya nyumbani, nakala uziweke wapi

Mkuu, umeuliza kutoka Masasi: hesabu za nyumba na za korosho unaziweka kwenye GnuCash, ile programu ya kutunza hesabu, umeme unakatika ovyo, na kila Jumapili unanakili faili kwenye flashi juu ya ile ya wiki iliyopita. Je, inatosha? Na je, uhamie SQLite, yaani kuhifadhi hesabu kama hifadhidata badala ya faili la kawaida? Mimi niko Mtwara mjini, natumia programu hiyohiyo kwa mshahara, ada za watoto na shamba letu la Nanyamba, kwa hiyo nakujibu kwa ninavyofanya.

Haitoshi, na kilichonishtua zaidi ni hayo maneno "juu ya ile ya wiki iliyopita". Kompyuta ikifa au ikiibwa, utajua siku hiyohiyo. Faili ikiharibika kimyakimya, au mtoto akifuta akaunti nzima hujaona, unaweza usijue mpaka ufungue ripoti ya msimu. Kufikia hapo umeshaifunika nakala nzima kwa nakala mbovu, tena kwa mkono wako. Kwa hiyo usifunike. Kila nakala ipe jina lenye tarehe, ukianza na mwaka: hesabu-2025-01-31. Zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. GnuCash kwa kawaida huibana faili inapoihifadhi, na ya familia huwa ndogo sana. Weka hata za miaka, flashi ya GB 8 haitajaa.

Sasa umeme. Hapa GnuCash imekusaidia kuliko unavyodhani. Kila unapohifadhi, huiacha ile faili ya zamani kwenye folda hiyohiyo ikiwa na tarehe na saa kwenye jina, tarakimu 14 mfululizo. Wengi wanaziona takataka wanazifuta. Ziache. Programu yenyewe huziondoa zikipita siku 30, na muda huo unaweza kuuongeza kwenye mapendeleo. Pembeni yake kuna faili za .log, ambazo huandika kila muamala unaouingiza. Umeme ukikatika hujahifadhi, ukija kuwasha utaambiwa faili inatumiwa na mtu mwingine. Usiogope, ni kafaili ka kufuli, ka .LCK, kamebaki, chagua kuifungua hivyohivyo. Kisha nenda kwenye menyu ya faili, sehemu ya kuingiza data, urudie ile .log ya mwisho. Miamala inarudi. Njia hii iliniokoa wakati wa minada, umeme ulipokatika nikiwa naingiza malipo ya chama cha msingi na ya vibarua wa palizi. Hakuna nilichoandika upya.

Ila hizo zote ziko kwenye diski moja. Diski ikienda, zimekwenda zote, ndiyo maana flashi bado inahitajika.

Kuhusu flashi nina sheria moja ambayo hata mke wangu ananicheka nayo: flashi ya hesabu haikanyagi steshenari. Huko ndiko zinakookota vile virusi vya kuficha mafolda na kukuachia shotikati. Pia zile zilizoandikwa GB 128 kwa bei ya kutupa, nyingi ni feki: zinapokea faili bila kulalamika, ukizihitaji hazifunguki. Nunua ndogo ya uhakika. Nyie wa Masasi mna afadhali, sisi huku hewa ya chumvi inakula mpaka bawaba za madirisha, kwa hiyo zangu nazifungia kwenye kopo.

Ninazo mbili. Moja iko nyumbani, nyingine iko Newala kwa dada yangu. Akishuka mjini tunabadilishana. Moto au mwizi hawezi kufika nyumba zote mbili kwa mkupuo. Na kwa kuwa GnuCash haiwekei faili nywila, kabla ya kunakili naibana kwa programu ya 7-Zip na kuifunga kwa nywila, kwa usimbaji wa AES-256. Nywila imeandikwa kwenye daftari linalokaa mbali na flashi.

Google Drive naitumia kama nyongeza tu. Bando si tatizo kwa faili ndogo kama hizi, lakini Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, sote tuliona intaneti ilivyokuwa. Halafu folda inayojisawazisha yenyewe hubeba na uharibifu: ukifuta huku, na kule kunafutwa. Kule zile zenye tarehe ndizo za kupeleka.

Jambo ambalo wengi hawalijui: picha za risiti ulizoziambatisha kwenye miamala hazimo ndani ya faili, kilichomo ni kiungo tu. Nakili na folda ya picha. Ripoti ulizozitengeneza na kuzihifadhi mwenyewe nazo zinakaa kwingine, kwa Windows ni folda ya GnuCash ndani ya AppData.

Halafu jaribu. Chukua flashi, nenda kwenye kompyuta nyingine, sakinisha GnuCash, fungua nakala, ulinganishe salio na taarifa ya benki ya mwezi ule. Ikikataa kufunguka, hiyo si nakala, ni jina la faili tu. Kisakinishi nacho kiweke kwenye flashi hiyohiyo, maana toleo la zamani la programu linaweza kugoma kufungua faili ya toleo jipya, na si siku zote utakuwa na bando la kupakua.

Kuhusu SQLite: kwa mazingira yetu mimi ningebaki na XML, muundo wa kawaida wa faili za GnuCash. SQLite huhifadhi kila muamala papo hapo, hilo ni zuri umeme ukikatika, lakini zile faili zenye tarehe na saa huzipati tena, na kosa nalo linahifadhiwa papo hapo. Kama umeshahamia, funga kwanza programu ndipo unakili faili. Ukiinakili huku inaandikwa unaweza kupata nakala iliyovurugika. Kurudi ni rahisi: hifadhi kwa jina jipya, chagua XML.