Majibu kwa Wasomaji: Nafasi ya Kujitolea Haiuziwi Shamba

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 21, mkazi wa Tukuyu. Nilimaliza stashahada ya ualimu wa elimu ya awali mwaka jana na bado sijapata ajira. Kaka mmoja niliyeunganishwa naye Mwanjelwa, anayejitambulisha kuwa wakala, ameniambia kwamba anapeleka vijana Ujerumani kujitolea kwa mwaka mmoja, na kwamba huko nitalipwa kiasi cha kuwajengea wazazi nyumba. Anataka shilingi milioni tatu na nusu, nusu yake kabla ya mwezi huu kwisha, na pasipoti yangu ikitoka akae nayo yeye kwa ajili ya viza. Baba yuko tayari kuuza nusu ekari ya migomba, lakini mama hataki. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ninakuomba kwamba ukimaliza kusoma jibu hili uende kwa baba umsihi asiuze migomba. Mama yako ameona jambo ambalo wewe na baba, kwa hamu na kwa mapenzi, hamjaliona.

Maneno ya huyo wakala yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Anayejitolea halipwi mshahara. Hupewa mahali pa kulala, chakula, bima na fedha kidogo za mfukoni, ambazo hutosha vocha ya simu, sabuni na matembezi ya hapa na pale, lakini haziwezi kuinua nyumba Tukuyu. Kama kweli kuna mshahara wa kujengea nyumba, basi hiyo ni ajira, na ajira ina viza yake, mkataba wake na masharti yake ya elimu na lugha. Kwa hiyo ama anakudanganya kuhusu kazi yenyewe, ama anakudanganya kuhusu fedha, na kwa vyovyote vile ni wewe utakayeshuka ugenini ukiwa na karatasi zisizolingana na kilichokupeleka. Hilo la kukaa na pasipoti yako ndilo lililonitia hofu zaidi. Mtu aliyenyang'anywa pasipoti hawezi kuondoka mahali anapoteswa, na wasafirishaji haramu wa binadamu wanalijua hilo vizuri. Nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu tangu mwaka 2008, na kituo chochote cha polisi kinaweza kupokea taarifa zako kabla hujapoteza hata shilingi moja.

Sasa nikueleze njia halali ilivyo, kwa sababu ipo, na sitaki uondoke hapa ukidhani kwamba kila safari ya kujitolea ni utapeli. Serikali ya Ujerumani ina mpango uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wa Kijerumani katika nchi kama yetu. Bila shaka umewahi kuwaona kwenye shule na vituo vya watoto mkoani Mbeya au Iringa. Tangu mwaka 2013 mpango huo umefungua pia njia ya upande wa pili, vijana wa nchi zetu kwenda kujitolea Ujerumani, na mara nyingi hupangiwa shule za chekechea, nyumba za wazee, vituo vya watu wenye ulemavu au kazi za mazingira. Huko huingizwa katika utumishi wa kujitolea wa kitaifa wa Wajerumani, ulioanzishwa mwaka 2011 nchi hiyo iliposimamisha uandikishaji wa lazima jeshini, na katika mwaka mmoja kijana huhudhuria siku 25 za semina pamoja na vijana wenzake. Umri unaotakiwa ni miaka 18 hadi 28, kwa hiyo wewe bado una muda wa kutosha, na yeyote anayekuambia kwamba mlango unafungwa mwisho wa mwezi anakuharakisha ili usipate nafasi ya kuuliza.

Mlango wa kuingilia ni taasisi ya hapa nchini yenye ubia na taasisi ya Ujerumani. Hiyo ndiyo inayokufanyia usaili, inayokuandaa na inayokupokea ukirudi. Katika nyanda zetu ubia wa namna hii una mizizi mirefu. Wamisionari wa Kimoraviani na wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifika Rungwe na Kyela mwaka 1891, na makanisa yaliyotokana na kazi yao bado yana uhusiano na wenzao wa huko. Anza kwa kuuliza ofisi ya jimbo au ya dayosisi, hata kama wewe si muumini wa kanisa hilo, kisha uulize vituo vya watoto ambavyo vimewahi kupokea vijana wa Kijerumani, maana mwenye kituo anajua vijana hao walitumwa na nani. Ukipewa jina la taasisi ya Ujerumani, iandikie wewe mwenyewe na uulize kama inamtambua huyo aliyekupa nafasi.

Gharama utakazokutana nazo ni chache na zinajulikana. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa miaka kumi, na fedha hizo hulipwa serikalini kwa namba ya malipo unayopewa na Uhamiaji, haziingizwi kwenye simu ya mtu. Utahitaji cheti cha kuzaliwa na kitambulisho au namba ya NIDA, na kama cheti chako kina jina tofauti na la vyeti vya shule, rekebisha sasa, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi hukwama. Viza ya kukaa zaidi ya siku 90 utaiomba kwenye ubalozi wa Ujerumani jijini Dar es Salaam, ukiwa umefika mwenyewe, kwani huchukuliwa alama za vidole. Hakuna wakala anayeweza kwenda kuzitoa zake kwa niaba yako. Tiketi ya ndege na bima, katika mpango nilioutaja, havitoki mfukoni mwako.

Jambo ambalo ningependa uanze nalo leo ni lugha. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani iliyoko Dar es Salaam, hufundisha na kutahini Kijerumani kuanzia A1, yaani ngazi ya mwanzo kabisa, na ukishindwa kuifikia kwa sababu ya nauli, anza kwa redio na masomo ya intaneti huku ukimtafuta aliyewahi kuishi huko akusahihishe matamshi. Mtoto wa chekechea wa Kijerumani hatakungoja utafute neno kwenye kamusi. Atalia, na wewe utahitaji kujua analilia nini.

Na uwe tayari kwa mambo ambayo hayaandikwi kwenye fomu. Baridi ya Tukuyu ya mwezi wa saba na ukungu wake vitakusaidia kidogo, lakini Desemba ya Ujerumani jua huzama kama saa kumi alasiri, na vijana waliorudi wananiambia kwamba giza hilo liliwaumiza kuliko baridi yenyewe. Ukipangiwa nyumba ya wazee unaweza kuombwa umsaidie kuoga mzee wa umri wa babu yako. Wewe umekulia Rungwe, ambako kwa mila za wazee wetu mkamwana alikuwa akikwepa hata kukutana na baba mkwe njiani. Najua jambo hilo si dogo moyoni. Liseme kwenye usaili. Taasisi nzuri itakusikiliza na kukutafutia sehemu nyingine, na kwa elimu yako, shule ya chekechea ndiko unakofaa.

SWALI: Mhariri, mimi ni mzazi kutoka Mafinga. Kijana wangu amekubaliwa kwenda kujitolea Ulaya kupitia taasisi inayojulikana, kila kitu kimelipwa. Nahofia hatarudi, na ndugu wameanza kuniuliza atatuma nini. Nimkatalie?

JIBU: Mzazi mwenzangu, usimkatalie. Hofu yako naielewa, nami nina watoto, lakini anayekwenda kwa mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na viza inayolingana nao, yuko salama kuliko wanaozamia. Omba nakala ya mkataba, jina la msimamizi wake huko na namba ya simu ya taasisi, na mpatane siku ya wiki ya kupiga simu nyumbani.

Kuhusu ndugu, kazi hiyo ni yako, si ya kijana. Waite mapema uwaeleze kwamba anakwenda kutumika na kujifunza, hana mshahara. Nimeona vijana waliojinyima chakula ugenini ili watume fedha za mfukoni nyumbani, na wengine walioacha utumishi katikati wakatafuta vibarua visivyo halali kwa sababu ya simu za kudai michango ya harusi. Kijana aliyefanya hivyo hupoteza viza yake, na kurudi kwake kunakuwa kwa aibu isiyomstahili. Mkae pia naye mzungumzie mwezi wa kwanza baada ya kurudi: atafanya nini, ataanzia wapi. Mwenye jambo linalomngoja Mafinga hupata sababu ya kurudi Mafinga.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kyela, nina shahada, sina fedha wala mfadhili. Je, kujitolea nje ni Ulaya tu?

JIBU: Hapana. Umoja wa Afrika una mpango wake wa vijana wa kujitolea tangu mwaka 2010, kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 35, wanaopelekwa katika nchi nyingine ya bara hili kwa muda wa mwaka mmoja. Umoja wa Mataifa nao una mpango wa kujitolea ulioanzishwa mwaka 1970, na haumtozi mwombaji ada yoyote.

Nawe uko karibu na nje kuliko wasomaji wangu wengi. Ukivuka daraja la mto Songwe pale Kasumulu uko Malawi, ambako Mtanzania haombi viza kwa matembezi ya muda mfupi, na Wangonde wa Karonga, ambao lugha yao ni jamaa ya Kinyakyusa, mtasikilizana bila shida. Lakini kuvuka kwa matembezi si ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Hapa kwetu mgeni anayekuja kujitolea hutakiwa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C, na kule nako utafuata taratibu zao. Kwa hiyo taasisi itakayokupokea ikuulizie kibali Uhamiaji wa Malawi kabla hujafunga begi.